Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga: Rubani Asiambiwe Hali ya Mgonjwa

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka Mwanza. Tunaandika kuhusu ndege ndogo zinazobeba wagonjwa wa rufaa, hasa usiku. Ombi letu kubwa ni moja: rubani aamue kuruka au kutoruka kabla hajajua anambeba nani na anaumwa nini.

Simu ya "kuna mama kajifungua, damu haikati, fanyeni haraka" inaharibu kazi mapema. Aliyeisikia hasomi tena taarifa ya hali ya hewa kwa jicho lile lile. Anatafuta sababu ya kwenda. Rubani aambiwe kutoka wapi, kwenda wapi, saa ngapi, kilo ngapi. Basi.

Februari 24, 2023, huko Nevada, Marekani, ndege ndogo aina ya Pilatus PC-12 yenye mgonjwa iliruka usiku ndani ya mawingu ikaanguka. Walikufa wote 5: rubani, wahudumu wawili wa afya, mgonjwa na ndugu yake. Wachunguzi walieleza kwamba otopailoti, mtambo unaoiongoza ndege wenyewe, ilizimika, rubani akapoteza mwelekeo. Wakataja pia tathmini hafifu ya hatari kabla ya safari.

Ziwa letu nalo lina mtego wake. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao usiku wa giza, mwezi usipokuwepo. Kutoka juu, taa zile na nyota ni kitu kimoja. Hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Ndege ikizunguka taratibu, chini ya nyuzi 2 kwa sekunde, sikio la ndani halihisi. Rubani anajiona kanyooka, kumbe anashuka akizunguka. Na ngurumo za ziwani hupenda kujikusanya usiku wa manane hadi asubuhi, pepo za nchi kavu zinapokutana juu ya maji.

Ndege ya abiria ilipoangukia ziwani Bukoba, Novemba 6, 2022, wakafa 19 kati ya 43, angalau ilikuwa asubuhi na wavuvi walikuwa karibu. Usiku nani atakuona? Aliyefungwa kwenye machela hawezi hata kujifungua mikanda.

Halafu kuna uzito, ambao kila mtu anaujua na hakuna anayeupima. Ndugu wa pili na begi lake, kilo 90 kwa pamoja, ni sawa na lita 112 hivi za mafuta ya ndege. Caravan, ndege ndogo ya injini moja, hunywa karibu lita 190 kwa saa, kwa hiyo huyo mjomba ni dakika 35 za kuruka: ndiyo akiba ya kugeukia uwanja mwingine. Mchana wa nyuzi 30 hapa Mwanza, mita 1,140 na ushee juu ya bahari, hewa ni nyepesi kama ya mita 1,900 na zaidi, na ndege hula njia ndefu kabla ya kunyanyuka. Oksijeni nayo ihesabiwe: mtungi wa lita 680, mgonjwa akivuta lita 10 kwa dakika, unaisha dakika ya 68. Kufika Dar es Salaam kwa Caravan ni karibu saa 3 za kuruka.

Safari nyingine hazihitaji ndege tena. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la wagonjwa kutoka Sengerema linafika hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, bila kungoja kivuko.

Tunaomba mlazimishe fomu ya hatari ya ukurasa mmoja kwa kila safari ya mgonjwa: hali ya hewa ya kuondokea, njiani na ya kutua, uwanja wa akiba, mwanga wa mwezi, uzito uliopimwa kwa mizani, saa ambazo rubani amekuwa kazini. Asaini rubani na mtu wa pili ambaye hajaongea na hospitali. Muuguzi akisema hapana, safari isimame, asiulizwe kwa nini. Na fomu ijazwe kabla mgonjwa hajatoka wodini, maana machela ikishafika chini ya bawa, ndugu wamesimama pale wanalia, hakuna rubani atakayesema hapana.

Wenu,
Waratibu wa safari za wagonjwa, Mwanza