Prosesa za zamani mnazicheka bure

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Hapa Tabora vijana wetu mafundi simu wanacheka wakisikia huko Ulaya watu wanatengeneza upya kompyuta za 1982, eti hela zimewazidi. Sawa, simu yako inazipita mbali, lakini jamani nani kati yenu anajua ndani ya hiyo simu kunaendaje?

Prosesa (ubongo wa kompyuta) ya 6502 ilitoka 1975 kwa dola 25 tu, transista zake (viswichi vidogo vya umeme) kama 3,500, mtu akikaa nayo anaielewa yote mpaka mwisho. Z80, prosesa nyingine ya mwaka uliofuata, ina kama 8,500 na rejista (vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa) nyingi zaidi, sasa hapo ndo ubishi unapoanza, wabishi wanasema ZX Spectrum, kompyuta ya Z80, ina megahezi 3.5 (mizunguko milioni 3.5 kwa sekunde) na Commodore 64, yenye prosesa ya jamii ya 6502, ina karibu 1 kwa hiyo mchezo umeisha. Wapi! Amri fupi kabisa ya Z80 inakula mizunguko 4, ya 6502 inakula 2, megahezi peke yake haikwambii kitu (wauza laptop wa siku hizi nao wanatupiga hapohapo).

Kuna wanaosema ZX Spectrum Next, yaani Spectrum iliyotengenezwa upya siku hizi, siyo kompyuta halisi kwa sababu inatumia FPGA, yaani chipu unayoipanga mwenyewe iwe saketi unayotaka. Mi naona ni halisi kabisa, umeme unapita kwenye saketi, unataka nini tena? Halafu Zilog, kampuni ya Z80, 2024 walitangaza kuacha kutengeneza Z80 ya kawaida, kwa hiyo FPGA tutazihitaji tu.

Ukurasa wenu wa teknolojia kila wiki ni simu mpya, tuwekeeni na haya basi.

Fundi redio, Ng'ambo, Tabora