Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Watoto wa Kwaya na Sauti za Opera

Ndugu Wanachama,

Mwaka jana mliazimia kwamba kwaya zetu za watoto, kuanzia Kirumba hadi Igoma hapa Mwanza, zionjeshwe opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, ingawa baadhi yenu mliuliza waziwazi itamfaa nini mtoto wa mvuvi. Nitajikita katika suala hilo. Mapato na matumizi atayasoma Mhazini.

Tulianza vibaya, na kosa lilikuwa langu. Niliandika ubaoni majina ya sauti, kuanzia soprano, sauti ya juu kabisa, hadi besi, ya chini kabisa, watoto wakayanakili, na baada ya robo saa nusu yao walikuwa wanatazama ziwa dirishani. Jumamosi iliyofuata tuliacha ubao, tukawasikilizisha vipande vya Die Zauberflöte, opera ya Mozart iliyooneshwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1791, tukawataka wakisie wenyewe anayeimba ni mtu wa namna gani. Malkia wa Usiku, ambaye ni soprano, alipopanda hadi ile noti ya F ya juu, binti mmoja wa darasa la tatu aliziba masikio, kisha akaomba irudiwe. Sarastro, ambaye ni besi, aliposhuka kwenye F ya chini, wakaamua kwa kauli moja kwamba huyo ni babu. Aliyewateka hasa ni Papageno, mtega ndege, aliyefungwa kufuli mdomoni kwa kusema uongo na ambaye kwa hiyo anaimba kwa kuguna tu. Mguno huo nimeusikia hadi kituo cha daladala.

Siku tuliyomwalika mwimbaji wa sauti ya nne, yaani besi, kutoka kwaya ya wakubwa, umeme ulikatika, naye akaimba bila kipaza sauti huku watoto wakimwekea viganja mgongoni wasikie mtetemo. Hapo ndipo ilipokuwa rahisi kuwaeleza kwamba waimbaji wa opera kwa desturi huimba hivyo hivyo, na sauti yao huvuka okestra nzima.

Kuhusu Hänsel und Gretel, opera ya Humperdinck, ya mwaka 1893, wavulana hawajakubali hadi leo kwamba Hänsel, mvulana mwenzao, aimbwe na mwanamke mwenye sauti ya mezosoprano, iliyo chini kidogo ya soprano.

Walimu wawili walianza kuwafundisha watoto kuiga sauti hizo kwa nguvu. Nimewasimamisha, kwa kuwa koo za watoto bado zinakua, na mvulana anayebalehe hapaswi kulazimishwa kubaki sauti ya kwanza, yaani soprano. Naomba mkutano huu uidhinishe msimamo huo, pamoja na ununuzi wa spika moja, kwa sababu ile ya kuazima imerudishwa kwa mwenyewe.