Watu wa Tanga, tuishangilie Coastal yetu

Mhariri,

Mwaka 1988, timu yetu ya soka, Coastal Union, ilipotwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara, nilikuwa na miaka 11. Marehemu baba alinipakia kwenye baiskeli hadi uwanja wa Mkwakwani, shingoni kajifunga kitambaa chekundu alichokatiwa na mama kwenye kanga kuukuu. Kitambaa hicho ninacho hadi leo, kimepauka na pindo limechanika.

Enzi hizo utani wetu ulikuwa na African Sports, "Wana Kimanumanu", timu nyingine ya hapa Tanga. Mjomba alikuwa wa huko, na wiki ya mechi hali chakula kwetu! Raha tupu.

Sasa Simba au Yanga wakija Mkwakwani, nakuta vijana waliozaliwa hapahapa Tanga wakiwashangilia wageni. Inaniuma sana. Mara ya mwisho kijana mmoja aliniambia, "Mzee, Coastal ni timu ya zamani." Ya zamani vipi, wakati 2024 tulimaliza wa nne kwenye ligi na kurudi mashindano ya klabu za Afrika?

Wazazi wenzangu, wapelekeni watoto uwanjani wakiwa wadogo. Mimi mjukuu wangu nimeshaanza naye, na "Wagosi wa Kaya", jina la utani la Coastal, analitamka vizuri kabisa.

Mpenzi wa Coastal,
Ngamiani, Tanga