Bonde la Msimbazi lipewe njia ya miguu na baiskeli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Habari nyingi zinahusu mafuriko na daraja jipya la Jangwani, na ni haki, maana mvua zikikolea Barabara ya Morogoro hufungwa pale na jiji zima likakwama. Anayesahaulika ni mwenda kwa miguu.

Mkazi wa Hananasif akisimama ukingoni mwa bonde anaiona Upanga ng'ambo, lakini kufika huko kwa barabara lazima azungukie Jangwani au Daraja la Selander. Nimewaona akina mama wanaopeleka chakula Hospitali ya Muhimbili wakipandisha kanga hadi magotini, hotpoti mkononi, wakitafuta pa kukanyaga kwenye tope. Muuza samaki naye, tenga limefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, anagombania ukingo wa lami na malori. Watu hawa hawana nauli ya kuzunguka kila siku.

Nawaomba TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na wahandisi wa mradi waweke njia ya miguu na baiskeli kando ya mto, iliyoinuliwa na yenye taa, pamoja na vivuko vya kuunganisha Hananasif na Upanga, Kigogo na Ilala. Wakazi waulizwe kabla zege halijamwagwa, kwani wao ndio wanaojua maji hupita wapi.

Mkazi wa Magomeni,
Dar es Salaam