Nani atashika ncha ya mnyororo?

Mhariri,

Nilipima mashamba na viwanja hapa Pwani miaka 31 kabla ya kustaafu. Jioni barazani wenzangu wakibishana kuhusu Israel na Palestina, huwa wanataja dini na silaha. Mimi nawaza bikoni, yale mawe ya mpaka.

Nakumbuka kesi moja huku Kisauni. Ndugu wawili, baba mmoja mama mbalimbali, walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya kisima. Mstari wa ramani ulipita katikati ya mdomo wake. Nikawaambia kila mmoja ashike ncha moja ya mnyororo, tukapima tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Mwisho mpaka ukapindishwa: kisima kikawa cha mdogo, mkubwa akapata ukanda wa nyuma wenye minazi 6. Kwa ukubwa vipande vyao havikulingana hata kidogo. Waliridhia kwa sababu waliyaona mawe yakizikwa kwa macho yao.

Kubadilishana ardhi si wazo geni kule Israel na Palestina. Desemba 2000 Bill Clinton, Rais wa Marekani wakati huo, alipendekeza Wapalestina wapate asilimia 94 hadi 96 ya Ukingo wa Magharibi, na wafidiwe asilimia 1 hadi 3 kutoka upande wa Israel. Mwaka 2013 wajumbe wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu nao walikubali mabadilishano madogo. Lakini asilimia haikwambii kama ndani yake mna chemchemi, au mizeituni iliyopandwa na babu ya mtu. Ekari ya changarawe si ekari ya shamba lenye maji.

Wenzetu wa kule na wautazame mfano wa Taba, mahali padogo ufukweni mwa Sinai, mpakani mwa Misri na Israel. Israel ilipoondoka Sinai mwaka 1982, yalibaki mabishano na Misri juu ya mahali pa nguzo 14 za mpaka. Walikwenda kwa waamuzi Geneva, hukumu ikatoka 1988, na 1989 Misri ikakabidhiwa Taba yake.

Najua Taba ilikuwa ufuo na hoteli. Haikuwa na mamia ya maelfu ya walowezi wa Kiisraeli, wala wakimbizi wa Kipalestina wa vita vya 1948 ambao hadi leo wanatunza funguo za nyumba zao. Ndiyo maana nasema ujenzi wa makazi ya walowezi usimame kwanza. Huwezi kuweka bikoni huku upande mmoja unachimba msingi. Kisha wapima wa pande zote mbili watembee shambani pamoja na wenye mashamba, na kila nguzo itakayobishaniwa ipelekwe kwa waamuzi kabla ya mtu yeyote kuhamishwa.

Mpima ardhi mstaafu,
Kisauni, Mombasa