Naomba samahani, napewa historia

Shikamoo Shangazi,

Binti yangu yuko kidato cha tatu hapa Tanga. Likizo hii aliweka picha yake ya harusini kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kijana mmoja akamjibu kwa neno moja tu la Kiingereza, tusi la kumwita mwanamke malaya: slut. Vikatuni vya kucheka vikafuatana chini yake.

Nikampigia baba wa kijana, mtu msomi, nikitegemea samahani. Nikapewa mhadhara! Eti asili ya neno hilo ni mwanamke mchafu asiyejua kufagia. Eti Chaucer, mshairi Mwingereza wa mwishoni mwa karne ya 14, alilinyumbua akimsema mwanamume mwenye mavazi machafu, na Samuel Pepys, Mwingereza mwingine, katika shajara yake ya mwaka 1664 alimsifu kwa neno hilohilo kijakazi wake Susan, aliyechapa kazi kuliko wenzake wawili. "Kwa hiyo mama, tusikuze mambo."

Nimefuatilia, na hakudanganya. Ila kaishia kwa Pepys. Hakufika Toronto, Kanada, Januari 2011, askari polisi alipowaambia wanafunzi wa chuo kikuu kuwa wanawake waache kuvaa kama watu wa jina hilo ili wasije wakadhulumiwa. Aprili maelfu wakaandamana hadi makao makuu ya polisi, na kabla mwaka haujaisha maandamano ya aina hiyo yalikwishafika Delhi. Wote hao waliingia barabarani kwa ajili ya ufagio? Yule kijana alimwita mwanangu kicheche, basi, na Kiingereza alikitumia kujikinga.

Kinachonitatiza ni binti mwenyewe. "Mama achana nayo, hata sisi wasichana tunaitana hivyo." Anasema huku anacheka, lakini picha ameifuta, na gauni lile nimelikuta limekunjwa chini kabisa ya sanduku.

Mwalimu wa malezi yuko tayari kuwaita wote shule ikifunguliwa, mradi nimwandikie barua. Mume wangu hataki. Anasema nitakuwa nimelipeleka tusi kwa walimu ambao hata hawakulisikia.

Niandike, au nimwachie binti aamue? Na nikiandika, yule baba akaja na Chaucer wake mbele ya mwalimu, nimjibu nini kwa ufupi bila kugombana?

Mama wa Binti,
Tanga