Pwani ina makocha, mhariri

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa kijana wa kubebea wakubwa viatu pale uwanja wa Serani, na sijapata kukuandikia. Leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu ya ile taarifa yenu ya juma lililopita, iliyouliza eti kwa nini Pwani inatoa wachezaji lakini haitoi makocha. Mwandishi wako alimuuliza nani? Angesimama Mbaraki, nyumbani kwa klabu yetu ya Bandari, akauliza watu mlangoni tu, angejibiwa.

Nianze na Bernard Mwalala, maana huyo hata asiyefuata boli anamjua. Amevaa jezi ya Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, akavuka mpaka akaenda Yanga, na Oktoba 2008 akafunga bao pekee la mechi walipoilaza Simba. Hapa Mombasa, ambako hakuna baraza lisilo na watu wa Simba na watu wa Yanga, sihitaji kueleza uzito wa bao hilo. Alipotundika viatu akafundisha Nzoia Sugar, kisha akaja Bandari. Msimu wa 2018/19 Bandari ikamaliza ligi kuu ikiwa ya pili nyuma ya Gor Mahia na kubeba Kombe la Shield kwa kuifunga Kariobangi Sharks 3-1. Ikaingia Kombe la Shirikisho la Afrika, ikaitoa Al-Ahly Shendi ya Sudan, ikaitoa Ben Guerdane ya Tunisia, mpaka Horoya ya Guinea ilipoifungia mlango wa hatua ya makundi. Timu ya Mombasa kuitoa timu ya Tunisia si jambo dogo! Nyinyi mkamwita “mshambuliaji wa zamani”, basi, mkaendelea na mengine.

Lakini Mwalala ni mmoja aliyefanikiwa kupenya. Waliokwama ndio wengi, na hapo ndipo panaponichoma. Mimi nilicheza winga ya kulia ligi ya taifa, na walionifunza ni watu waliokua wakiitazama Feisal, klabu yetu ya Mombasa iliyochukua ubingwa wa Kenya 1965. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na karatasi ya ukocha. Goti liliponikataa, nikaanza kufundisha watoto wa Changamwe kila jioni baada ya alasiri. Koni zetu ni chupa za dawa ya kufulia tulizozikata nusu na kuzitia mchanga zisipeperuke. Niliposikia kuna kozi ya leseni ya ukocha ya CAF, yaani Shirikisho la Soka la Afrika, daraja D, nikaenda kujiandikisha na kitambulisho changu na picha ya timu yetu, tumeipiga laminesheni. Kijana aliyekuwa mezani hakuinua macho. Akaniuliza barua pepe. Nikamwambia sina, simu ninayo. Akasema maombi yote yalifanywa mtandaoni, nafasi zimejaa, na hata hivyo kozi ni Nairobi, nauli na malazi ni juu yangu. Nikamwekea picha mezani. Akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza nyuma, akanirudishia: “Mzee, hii haisaidii.” Nyuma yangu kwenye foleni walikuwa vijana wawili niliowafunza mimi kupiga krosi, wakainamisha vichwa kwa aibu ambayo haikuwa yao. Mimi sikatai leseni. Kocha asome, ajue kumtunza mtoto aliyeumia, ajue sheria zilizobadilika. Ninachokataa ni elimu kuwekwa mahali ambapo anayeihitaji hafiki, kisha akaambiwa hakusoma! Na haikuishia hapo. Mtoto niliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu alichukuliwa na klabu moja, na kwenye fomu, mahali pa kocha aliyemkuza, likaandikwa jina la mtu ambaye mtoto mwenyewe hajawahi kumwona. Kisa, huyo ana leseni.

Na huo uwanja wa Manispaa nao! Ulifungwa 2018 tukiahidiwa wa kisasa, tukabaki kutazama mabati miaka nenda miaka rudi. Bandari ilipoingia mashindano ya Afrika 2019, mechi za nyumbani ikaenda kuzichezea Kasarani, Nairobi. Nyumbani gani huko, karibu kilomita 500 kutoka Mbaraki? Kocha anayekua bila uwanja anajifunzia wapi?

Mimi naomba hivi. Kozi iletwe Mombasa, likizo ya Agosti. Asubuhi darasa liwe katika ukumbi wa Tononoka, jioni mazoezi, na mafunzo yawe kwa Kiswahili. Ada ilipwe kidogokidogo kwa simu. Viti ishirini vitengwe kwa waliocheza ligi ya taifa na wamepita miaka hamsini, na ushahidi uwe picha ya timu pamoja na wachezaji wenzake wawili wa kumthibitisha. Nawe mhariri, ukurasa wa michezo wa Jumatatu, pale chini mnapoweka matokeo ya Uingereza ambayo tumeshayaona kwenye runinga, weka picha ya kocha mmoja wa mtaa, leo wa Kongowea, kesho wa Likoni, keshokutwa wa Mikindani, na timu alizochezea na watoto waliopita mikononi mwake. Mwandishi wako akitaka pa kuanzia, aje Changamwe jioni yoyote. Atatukuta uwanjani, nami nitamtajia wale aliowakosa, mmoja mmoja na mitaa yao.

Mchezaji wa zamani,
Changamwe, Mombasa